Mwalimu wa Bustani: Dionea imelala au imekufa?

Tangu nilipoandika kuhusu mimea inayokula wadudu, barua zimenijia kama kumbikumbi baada ya mvua. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mmea ulikuwa mzima, sasa umesinyaa, nimekosea wapi? Nimechagua barua tano. Walioniuliza kama dionea, ule mmea wenye majani yanayojifunga kama mtego, inaweza kumkata mtoto kidole, jibu ni hapana. Tuendelee.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwaka juzi dada yangu aliniletea dionea kutoka Marekani. Mwaka wa kwanza ilistawi hadi majirani wakawa wanakuja kuitazama. Mitego ilikuwa myekundu ndani na watoto waliipa jina la Simba. Mwaka huu majani yanatoka madogo, mengine yanakuwa meusi, na mitego ukiigusa haifungi. Nimeihamishia chumbani kwenye kiyoyozi, lakini wapi. Rafiki yangu anasema niiweke kwenye friji. Ananitania?
*Mama wa watoto watatu, Mbezi Beach, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakutanii. Ila ukiikimbiza kwenye friji leo, katika hali hiyo uliyoieleza, utaizika. Nisikilize kwanza.

Mimi nimeua dionea mbili. Ya kwanza niliiua kwa maji ya bomba, maana wakati huo nilikuwa sijui kwamba mmea huu hauvumilii chumvichumvi za madini. Ya pili ilikufa kama inavyotaka kufa ya kwako. Nilikuwa nimeipa maji ya mvua, jua la kutosha, udongo wa peti, yaani mboji ya kinamasi, na mchanga wa kwartzi uliooshwa, yaani kila kitu. Nayo ikakua, ikakua, ikakua bila kupumzika kwa mwaka mmoja na nusu, halafu ikaanza kupungua kama sabuni. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe ilikuwa imechoka.

Dionea kwao ni kipande kidogo tu cha dunia: nyanda za pwani za majimbo ya North Carolina na South Carolina huko Marekani, kuzunguka mji wa Wilmington. Huota kwenye mbuga za misonobari zenye udongo wa mchanga, maji na njaa. Hakuna naitrojeni ya maana ardhini, ndiyo sababu ukajifunza kula sisimizi na buibui. Pale Wilmington, mwezi wa Juni, mchana una karibu saa 14 na nusu. Desemba haufikishi hata saa 10. Januari, usiku baridi hukaribia nyuzi sifuri, na kuna asubuhi utakuta barafu juu ya majani.

Sasa jiweke mahali pake. Mtego ni mali ya gharama. Ili ufunge, mdudu lazima aguse vinyweleo mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, na kila ukifunga mmea unatumia nguvu. Baada ya kula mara chache mtego huo unakufa, na mwingine lazima ujengwe. Wakati wa baridi wadudu hawatembei, jua ni la mkopo, na mtego wenyewe hufunga kwa uzito kama mlango wenye kutu. Kuna faida gani kuujenga? Kwa hiyo mchana unapoanza kufupika na usiku kuwa wa baridi, dionea huacha kunyanyua majani. Yale machache yanayotoka hulala chini, mafupi na mapana. Ya zamani hugeuka meusi. Na uhai wote hurudi kwenye kile kitunguu cheupe kilichofichwa udongoni. Hapo husubiri miezi mitatu au minne. Wataalamu huita hali hiyo ubwete. Mimi nasema imelala.

Dar es Salaam haina ujumbe huo wa kuipelekea. Tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa hapo kwako haifiki saa moja kamili, na usiku wa Julai, wakati wewe unatafuta shuka, ni nyuzi 18 au 19. Kwa dionea hiyo bado ni kiangazi. Mwaka wa kwanza ilikula akiba iliyokuja nayo kwenye kitunguu chake. Akiba imekwisha.

Na kiyoyozi? Samahani, hapo umeongeza tatizo. Nyuzi 22 si baridi ya kulaza dionea. Mmea hupumua usiku na mchana, na kadiri panavyokuwa na joto ndivyo unavyopumua zaidi na kula sukari yake. Kama uko kwenye baridi kali, hula kidogo sana na unaweza kukaa hata gizani. Kama uko kwenye jua kali, huzalisha kuliko unavyokula. Lakini kwenye chumba chenye mwanga hafifu na joto la wastani, unakula na hauzalishi. Dalili zake ni majani marefu yaliyolegea, rangi ya kijani iliyopauka na wekundu uliopotea ndani ya mtego. Wekundu ule ni jua.

Kwa hiyo, kwanza irudishe nje. Ipate jua la moja kwa moja la asubuhi, kwa muda wa saa nne au tano hivi, na kivuli cha wavu wakati jua linapochoma. Sahani ya maji ya mvua chini ya chungu isikauke. Usiilishe nyama, hasa ya kusaga. Itaoza ndani ya mtego na kuondoka nao. Ikishapata nguvu, baada ya miezi miwili mitatu, ndipo uilaze.

Mimi huku Lushoto huilaza kuanzia Juni, kwa sababu usiku wetu unashuka hadi nyuzi 11 na hilo hunisaidia kuiandaa. Wiki tatu kabla, huifunika kwa ndoo nyeusi kuanzia saa 11 jioni hadi saa 2 asubuhi, ili mchana wake uwe wa saa tisa tu. Wajukuu wangu wanaona bibi amechanganyikiwa. Kisha huing'oa, nikaosha mizizi taratibu, nikakata kila jani jeusi, nikainyunyizia dawa ya ukungu, nikaizungushia kuvumwani (ule mmea mwororo wa kinamasi unaoshika maji) yenye unyevu iliyokamuliwa, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuuandika kwa kalamu ya wino mzito. Huo uandishi ni muhimu. Mwaka wa kwanza sikuandika, na mzee wangu aliitupa jalalani akidhani ni tangawizi iliyooza. Tuliitafuta kwa tochi.

Friji iwe na nyuzi 3 hadi 5, kule chini kwenye mboga, si kwenye sehemu ya kugandisha. Kila wiki mbili fungua utazame. Ukiona ukungu, futa na unyunyizie tena. Wiki 10 hadi 12 zikipita, ipande upya na uitoe kwenye jua polepole, kama mtu aliyetoka sinema mchana. Yangu ya tatu imefanya safari hiyo mara nne na bado iko.

Lakini niseme ninavyoamini: kwa Dar, kazi hii ni ya mtu mkaidi. Ukitaka mmea wa kula wadudu utakaokupenda kama unavyoupenda, tafuta nepenthesi, ile mimea inayonasa wadudu kwa vikombe, za nyanda za chini, kama zile za pwani ya Borneo. Joto lako na unyevu wako ndivyo vya kwao, na hazijui baridi. Na ukiagiza kitu chochote kutoka nje, pata kibali na cheti cha afya ya mimea. Kwa Tanzania anza na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Dionea yenyewe imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na huko kwao North Carolina, tangu mwisho wa 2014, kuichimba porini bila ruhusa ni kosa kubwa la jinai. Nunua iliyozalishwa kitaluni.

SWALI: Habari za huko Mwalimu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya usiku huku Minneapolis. Nilinunua dionea dukani mwezi wa Mei. Ilikaa dirishani vizuri, lakini tangu Novemba imekuwa nyeusi karibu yote. Imebaki na vijani viwili vimelala kwenye udongo. Mke wangu anasema niitupe. Nimwambie nini?
*Baba Kanini, Minnesota*

JIBU: Mwambie asubiri. Nyote wawili mna haki: inaonekana imekufa, na huenda haijafa. Chimbua kidogo kwa kidole uone kitunguu. Kikiwa cheupe na kigumu, imelala. Kikiwa cha kahawia, laini na kina harufu, hapo mama ameshinda.

Wewe una bahati ambayo mwenzako wa Mbezi Beach hana. Dirishani kwako Desemba mchana ni chini ya saa tisa. Kalenda ya dionea imejisoma yenyewe. Kosa la kwanza linalowezekana ni kuionea huruma. Watu wa huko huchukua mmea uliolala wakauweka karibu na mashine ya kupasha joto, wakaongeza taa, wakaanza kuulisha wadudu waliokaushwa. Mmea unaamka katikati ya usingizi, nje hakuna jua la kuutosha, na Februari unakufa kweli.

Kosa la pili ni kuupenda mno usingizi. Usiutoe barazani. Baridi ya Minnesota ya nyuzi 20 chini ya sifuri si ile ya Wilmington, na chungu hugandishwa kutoka pande zote, tofauti na ardhi. Tafuta mahali pa nyuzi 2 hadi 10: ngazi za kuelekea chini ya nyumba, gereji isiyoganda, au dirisha la chumba msichokitumia. Kama ni baridi ya kutosha, mwanga kidogo unatosha. Udongo uwe na unyevu, usiogelee. Machi ukiona kichipukizi kinajikunja katikati, kirudishe kwenye jua.

Kama umeshikwa na hamu hii, kiangazi kikija nenda kwenye vinamasi vya jimbo lako. Kuna sarasenia, ile ya zambarau yenye vikombe vinene vinavyokaa chini kama mitungi. Ni mwenyeji wa huko kabisa. Majira ya baridi hulala chini ya theluji, na theluji kwake ni blanketi. Ndugu zake wa kusini, warefu, hufanya ujanja mwingine: baadhi yao, vuli ikifika, huacha kutoa vikombe na kutoa majani bapa kama upanga, yasiyokamata kitu, ya kuvuna mwanga tu. Nimewahi kuonyeshwa picha na mwanafunzi wangu wa zamani aliyesoma Raleigh, North Carolina, akidhani mmea wake umegeuka kuwa mmea mwingine.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Mwezi wa Februari tulikwenda na mwalimu wetu kwenye tindiga moja Mufindi tukaona mimea midogo myekundu yenye vinyweleo vya gundi, imenasa mbu. Agosti nilirudi peke yangu sikuona hata mmoja. Je, nayo ililala kwa sababu ya baridi?
*Mwanafunzi, Iringa*

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa furaha. Uliyoiona ni drosera, na tunazo zetu za asili. Watu wengi wanadhani mimea hii ni ya Wazungu, kumbe iko kwenye vinamasi vyetu vya nyanda za juu, ng'ombe wanaikanyaga.

Agosti Mufindi ni baridi, sikatai. Hata hivyo nisingeishuku baridi kwanza. Nikuulize: udongo ulikuwaje? Umepasuka? Nyasi zilikuwa zimechomwa? Kwa mimea ya ukanda wetu, mchana haubadiliki kiasi cha kuipa habari, kwa hiyo kinachopanga mwaka ni maji. Mvua ikikatika na tindiga likakauka, drosera zina njia mbili. Zile zinazoishi msimu mmoja hufa kabisa na kuacha mbegu ndogo kama vumbi. Zinazoishi miaka mingi hukauka juu na kubaki na mizizi, zikachipua mvua ikirudi. Ulizoziona ni za kundi gani, sitakisia bila kuziona.

Kulala, mwanangu, si baridi peke yake. Nenda upande wa pili wa bahari ya Hindi, karibu na Perth, Australia. Huko kuna drosera zenye viazi chini ya ardhi. Zinakua wakati wa baridi, maana ndiyo majira ya mvua, na kiangazi kikali kikifika zinajivuta kwenye kiazi na kulala kwenye udongo mkavu wenye joto. Mtu akizimwagia maji kiangazi kwa huruma, zinaoza. Na kwenye milima ya Meksiko kuna pinguikula, jani lake linateleza kama limepakwa siagi. Ukame ukianza huacha kabisa kula wadudu, hutoa majani madogo manene kama ya mmea wa jangwani, na kujikunja kama ua la waridi hadi mvua irudi. Halafu nenda Ulaya kaskazini: drosera ya majani mviringo hujifunga kuwa kifundo cha ukubwa wa harage, baridi ikauma ikapita. Ni jamii ile ile ya drosera, lakini mmoja anakimbia jua, mwingine anakimbia barafu.

Rudi Februari ijayo, mahali pale pale. Pima joto la udongo asubuhi na saa nane mchana, andika tarehe, piga picha. Usichimbue hata mmoja. Halafu niandikie, nafasi ya ukurasa huu nitakuachia.

SWALI: Assalaam aleikum Mwalimu. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Nepenthesi yangu iko sebuleni, ina majani mazuri ya kijani lakini haijatoa kikombe tangu Aprili. Je, iko kwenye usingizi huo uliouelezea?
*Bi Mkubwa wa Seeb*

JIBU: Wa aleikum salaam Bi Mkubwa. La, nepenthesi kwa kawaida hailali. Wenyeji wake ni misitu yenye unyevu ya Asia ya kusini mashariki, na jirani zetu Bukini (Madagaska) na Shelisheli wana za kwao pia. Kwa kawaida huko majani hutoka mwaka mzima. Yako inakulalamikia.

Kikombe ni ncha ya jani iliyorefuka, ikavimba, ikajifungua mfuniko. Hewa ikiwa kavu, ile ncha hukauka kabla ya kuvimba, na kiyoyozi cha kiangazi cha Oman hukausha hata macho. Sababu ya pili ni mwanga: majani mapana ya kijani kizito bila vikombe huwa yanasema sebule ina giza. Isogeze kwenye dirisha lenye pazia jepesi, iwe mbali na upepo wa kiyoyozi. Iweke juu ya sinia yenye kokoto na maji, chungu kisiguse maji. Nje usiipeleke kabla ya Oktoba. Na usimwage yale maji ya kikombe kilichopo ukidhani ni machafu. Ni tumbo lake.

SWALI: Bibi Mwalimu shikamoo. Nina miaka kumi. Baba amenipa drosera ya Rasi ya Afrika Kusini, sasa ina maua ya zambarau. Je, usiku na yenyewe inalala kama sisi?
*Mjukuu wako, Nairobi*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Majani hayalali. Chukua tochi usiku uangalie: gundi inameta vilevile, na nondo akitua ananaswa saa sita ya usiku kama angenaswa saa sita ya mchana. Nairobi panaifaa sana. Si joto mno, si baridi mno, kwa hiyo itakula mwaka mzima bila likizo.

Wanaolala ni maua. Kila ua hufunguka asubuhi jua likiwaka, likifika alasiri linajifunga na halifunguki tena. Kesho yake linafunguka la jirani, kesho kutwa la mwingine, wakifuatana kwenye bua. Siku ya mawingu mazito wanaweza wasifunguke kabisa. Wahesabu, uniambie wako wangapi.